Visima Vilivyolala

Ramani ilikuwa imebandikwa ukutani kwa misumari minne katika ofisi ya mradi, Lodwar, na Asekon alisimama mbele yake mpaka chai aliyoishika ikapoa. Laga ya Tarach, ule mto wa mchanga usioona maji ila siku za mafuriko, ilipita katikati ya karatasi ikishuka hadi chini ya Kakuma. Kandokando yake kulikuwa na nukta za buluu. Alizihesabu kwa macho, kisha kwa kidole. Ishirini na mbili. Yeye mwenyewe alikuwa amepeleka vipimo vya visima sitini na vitatu.

Pale laga inapokunja kiwiko chini ya mikoma, penye kisima cha shangazi yake Akidor, hapakuwa na nukta. Palikuwa na duara jekundu, na ndani yake neno moja: WAZI.

Hiyo ilikuwa Juni 2013. Mwaka mmoja nyuma, Asekon alikuwa binti mwenye cheti cha jiografia kutoka Eldoret, viatu vya kuazima, na imani ambayo leo ilimwia aibu kuikumbuka. Ilikuwa Mei, mvua imekwisha kunyesha, na nchi moja ndogo ya Ghuba ilikuwa inatafuta mtu wa kupima visima vya mchanga huku Turkana. Nchi yenyewe, ukiichukua nzima ukailaza kati ya Lodwar na Kakuma, ingebaki nafasi ya kulisha ngamia. Asekon alimtania hivyo Injinia Khuloud, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kidogo aliyetumwa kusimamia kazi, naye Khuloud akacheka mpaka akajishika mbavu. Akasema watu wa kwao waliposema mara ya kwanza kwamba watakwenda angani, gazeti la nchi moja kubwa lilichora ngamia aliyevaa kofia ya mwanaanga. Baba yake alilikata lile gazeti akalitundika jikoni, ili watoto walione kila wanapokula.

Njia nzima ya kwenda Kakuma, gari likirukaruka mashimoni, Khuloud alisimulia. Mwanzo walinunua picha za wenzao, kama mtu anayenunua chakula kilichopikwa asijue kimewekwa nini. Kisha wakapeleka vijana wanane katika nchi ya mbali huko Asia, wakae na mafundi waliokuwa wakiunda setilaiti kwa niaba yao. Miaka miwili vijana wale walitazama tu. Kazi yao ilikuwa kushika taa. Setilaiti ya pili, nusu ilitengenezwa kwa mikono yao, na Khuloud alikuwa mmoja wao. Alikaza skrubu kumi na nane. Alimwonyesha Asekon kwenye daftari lake mahali kila moja ilipokaa. Ya tatu ilikuwa inaundwa nyumbani kwao, irushwe Novemba 2013, na hakuna mgeni atakayeshika bisibisi.

Asekon alisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za ukoo wake. Alikulia mahali ambapo kila mgeni akishuka garini husema hakuna kitu hapa. Kumbe palikuwa na watu wengine waliowahi kuambiwa hivyo, nao wakakataa.

Hiyo setilaiti ya tatu ilikusudiwa kutambua maji yaliyo karibu, chini ya mchanga mkavu. Lakini jicho la angani ni kama mtoto: lazima lifundishwe na mtu aliye chini. Mtu huyo aende kwa miguu, asimame juu ya kisima, apime mahali, aandike. Picha ya setilaiti ya pili ilipigwa mwezi uleule wa Mei ili ilinganishwe na vipimo vyake. Kwao, Khuloud alisema, hakukuwa tena na mtu anayechota maji mchangani.

Kwa wiki sita Asekon, na kidude cha kupimia mahali mkononi, alitembea na shangazi yake Akidor, dada mkubwa wa marehemu baba yake. Mafuriko yalikuwa yamepita siku chache tu, na mchanga wa laga ulikuwa umetandazwa kama kitanda kisicholaliwa. Akidor alitangulia na fimbo yake, akisimama mahali ambapo wewe na mimi tusingeona lolote.

“Hapa ni pa Lokwang,” angesema. “Hapa ni pa mjane wa Ebei. Hapa ni pangu.”

Visima vilikuwa vimelala. Ndivyo wasemavyo. Kisima cha laga ni cha yule aliyekichimba, na cha watoto wake. Kila kiangazi hufukuliwa, huzungushiwa miiba, na watu hushuka ndani mmoja chini ya mwingine wakipokezana maji huku wakiimba, mpaka hori lijae na mbuzi waitwe. Mpita njia hunywa bila kuomba. Mwenye mifugo huomba, na mwenye kisima humpa zamu. Mafuriko yakija, mchanga hukifunika chote, shimo na miiba. Hakuna anayesikitika. Kimelala, kiangazi kitakiamsha, na hakuna mtu mwenye akili zake atakayechimba mahali pa mwenzake kwa sababu tu haoni shimo.

Asekon aliandika vyote: ishirini na viwili vilivyobaki na mashimo yake kwenye kingo za juu, na arobaini na kimoja vilivyolala. Mahali, jina la kisima, jina la mwenyewe. Haikumpitia akilini hata mara moja kuongeza kwamba penye vile arobaini na kimoja hapakuwa na shimo. Ungeandika vipi jambo ambalo kila mtu analijua?

Sasa, akitoka kwenye ile ramani ya ukutani, alimwendea Bwana Gitau, meneja wa mradi. Gitau alikuwa mtu wa Kenya, kama Waturkana wanavyowaita wote wanaotoka ng'ambo ya Kitale, na hakuwa mtu mbaya wa kusalimiana naye. Alimweleza kwa upole kama anayemfariji mgonjwa. Kompyuta za kule Ghuba zililinganisha vipimo vyake na picha. Mahali arobaini na moja hapakuonekana kitu, mchanga mtupu. Nukta hizo zikaandikwa makosa ya mpimaji na kufutwa. Yeye Gitau ndiye aliyeidhinisha zifutwe, kwa faida ya Asekon mwenyewe, asionekane amebuni. Katika vile ishirini na viwili vilivyobaki, jicho lilikuwa limetambua ishirini na kimoja. Asilimia tisini na tano! Alhamisi wageni wangekuja Lodwar kuonyeshwa.

“Si makosa,” Asekon alisema. “Vimelala.”

“Dada, kisima ni shimo. Pasipo shimo hapana kisima.”

“Wewe uko Lodwar leo. Nyumba yako ya Thika umeifunga. Imekuwa wazi?”

Gitau alitabasamu, akasema nyumba yake ina hati. Kisha, bila kujua alichokuwa anamwaga, akaongeza kwamba hata hivyo imeshapita. Kampuni moja ya mabomba ilikuwa imeichukua ile ramani, ikaomba mahali pasipo na mtu, na ikapewa kile kiwiko cha laga. Wiki ile ilikuwa inasimamisha nguzo za uzio.

Asekon aliweka kikombe mezani. Akatoka kwenda kutafuta gari la Kakuma.

Alifika Kakuma siku iliyofuata saa saba mchana. Nguzo za chuma zilikuwa zimezunguka kiwiko chote, zimeingizwa kwa zege, zikingoja waya. Akidor alikuwa ameketi mchangani ndani ya zile nguzo, juu ya mahali pake, shanga zake zote shingoni kama anayekwenda harusini. Asekon alimwamkia. Ejok yake, salamu ya kwao, haikujibiwa.

Alieleza. Alieleza kuhusu picha, kompyuta, makosa ya mpimaji, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yake mwenyewe yalivyomnukia vibaya. Shangazi alimwacha amalize.

“Wezi wa zamani walikuja na bunduki,” Akidor alisema. “Walichukua mbuzi. Kisima hawakukichukua, kwa sababu hawakujua kilipo, na mimi nisingewaambia hata wangenikata. Wewe ulikuja na kile kidude chako, nikakushika mkono nikakuonyesha. Changu, na cha Lokwang, na cha yule mjane. Nilikupa majina ya watu, mwanangu.”

Asekon alitamani shangazi yake angepiga kelele. Hakupiga. Aliinuka, akajipangusa mchanga, akaenda kwake bila kugeuka.

Kuna hasira inayomfanya mtu avunje vyombo, na kuna ile inayomnyoosha mgongo. Asekon alirudi Lodwar na hii ya pili. Alimkuta Khuloud amefika kwa ajili ya sherehe, amevaa joho jeusi, akipanga viti ukumbini kwa mikono yake mwenyewe. Walikumbatiana, kwa kuwa walipendana kweli. Kisha Asekon akasema yote.

Khuloud alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukapoteza rangi. Hakujua kwamba ile ramani ilikuwa na mtu mwingine aliyeitumia. Lakini alisema ile tisini na tano ilikuwa imechapishwa, na mjumbe wa baraza la nchi yao alikuwa njiani, na nyumbani wako wanaongoja kwa hamu setilaiti ya tatu ishindwe ili waseme pesa zirudi kwenye barabara na viwanja vya mpira. Alisema anamwamini Asekon. Alisema pia kwamba kuamini si kipimo.

“Siwezi kuandika kisichoonekana,” alisema. “Ndivyo tulivyofundishwa. Ndivyo tulivyofika hapa.”

“Visima vya bibi zenu huko kwenu viko wapi?”

Khuloud alishika mgongo wa kiti. “Cha bibi yangu kina raundabauti juu yake. Ina maua.”

“Nani aliandika kwamba hapakuwa na kisima?”

“Sijui. Mtu mwenye ramani.” Alipanga kiti kimoja, akakirudisha kilipokuwa. Kisha akasema polepole, bila kumtazama, kwamba Alhamisi saa nne u nusu asubuhi setilaiti ya pili itapita juu ya Tarach, na picha hiyo itafika na kuonyeshwa ukumbini kabla ya saa tisa. Kitakachoonekana siku hiyo kitakuwa kimeonekana, na hakuna atakayeweza kukifuta.

Hiyo ilikuwa Jumamosi.

Kule Kakuma, Hashi alikuwa na duka la vifaa karibu na kambi ya wakimbizi. Alikuwa Msomali wa makamo mwenye ndevu zilizotiwa hina, na alipoambiwa na Asekon sepetu ishirini zinatakiwa kwa siku nne, na kwa nini, aliuliza jina la ile nchi. Akaambiwa. Akacheka kicheko kibaya.

“Nimekaa huko miaka kumi na tisa, walahi. Hilo jumba wanalotengenezea chombo chao, zege ya msingi nimemwaga mimi na Wabengali. Siku walipomaliza, wakatuomba tutoke nje ya uzio ili wapige picha.” Alianza kushusha sepetu kutoka ukutani, mbili mbili. “Chukua. Na karai. Na lori langu lile la kijani, dereva wake mvivu lakini mpige kelele atakwenda.”

Kilichobaki ndicho kilichokuwa kigumu. Wenye visima walikutana nyumbani kwa Akidor, na Akidor alikataa. Kisima hakiamshwi kabla ya kiu. Bado kulikuwa na maji kwenye vidimbwi vya mawe huko juu, mbuzi walikuwa wanakunywa. Kumwamsha aliyelala bila shida ni kumtukana, na kiangazi kikija atakunyima. Lokwang alikubaliana naye. Wengine walitazama chini. Hata Asekon alijua shangazi yake amesema kweli.

Aliyesema ni mlinzi wa kampuni ya mabomba. Alikuwa Mturkana wa upande wa Lowarengak, amekuja na koti lake la kazi begani, na walidhani amekuja kuwafukuza. Aliuliza kama ni kweli kwamba waya ukishafungwa, hata kiangazi hakuna atakayeingia. Asekon akamwambia ni kweli, ndiyo maana ya waya. Mlinzi akasema yeye ameambiwa Ijumaa ndiyo siku ya waya. Akaenda zake.

Akidor alimtazama mpaka akapotea njiani. Kisha akatuma aletewe mbuzi wake mweusi wa kuchinja.

“Nitaviomba msamaha mimi,” alisema. “Ninyi chimbeni.”

Walianza Jumatatu. Mvua zilikuwa zimepita karibuni, kwa hiyo maji hayakuwa mbali: kimo cha mtu, kwingine kifua tu. Lakini visima arobaini na kimoja ni visima arobaini na kimoja. Wanawake walichimba, wazee walikata miiba ya ule mti wa mathenge kwa ajili ya maboma, na Asekon alikwenda na kile kidude chake kutoka mahali hadi mahali, ingawa hakukihitaji. Akidor alitangulia kila mara, akachoma fimbo mchangani, na kidude kikaja nyuma yake na kusema palepale. Mikono ya Asekon ilitoka malengelenge, yakapasuka. Kila alipotaka kupumzika alilikumbuka lile neno katika duara jekundu, akaichukua sepetu tena. Hakukuwa na nyimbo. Walichimba kama watu wanaofukua ndugu aliyeangukiwa na ukuta.

Jumatano jioni maji yalitoka katika kile cha mwisho, kisima cha mjane wa Ebei, na kabla jua halijachomoza Alhamisi, Asekon alikuwa ndani ya lori la kijani akielekea Lodwar, matope yamemkaukia mpaka viwikoni.

Aliingia ukumbini hivyohivyo. Gitau alimwona kutoka jukwaani, akakunja uso, akaendelea na hotuba. Alieleza jinsi taifa dogo linavyoweza kuwa kubwa kwa nia tu, na maneno yenyewe yalikuwa mazuri, yaleyale ambayo Asekon aliyapenda mwaka jana garini. Sasa yalimchoma. Mjumbe wa baraza, mzee mwenye kanzu nyeupe, alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Saa nane na dakika arobaini, picha ilifunguka kwenye pazia la ukutani.

Laga ilikuwa nyeupe kama mfupa. Na juu ya weupe wake, kutoka juu mpaka kwenye kiwiko na kukipita, kulikuwa na maduara meusi ya miiba, kila moja na doa la mchanga uliolowa katikati. Ndani ya zile nguzo za uzio peke yake yalikuwa saba.

Watu wa kwanza kuelewa walikuwa Waturkana waliokaa viti vya nyuma. Mmoja akaguna, kisha mwingine. Khuloud alisimama, akaenda kwenye kompyuta, akafungua faili la makosa ya mpimaji la mwaka uliopita na kuliweka juu ya picha. Nukta arobaini na moja zilishuka, moja baada ya nyingine, kila moja katikati ya duara lake.

“Wamechimba jana!” Gitau alisema. “Injinia, huu ni mchezo. Jana hapakuwa na kitu.”

Asekon hakungoja kupewa nafasi.

“Ndiyo, tumechimba jana. Na juzi. Tumechimba mahali arobaini na moja palipoandikwa wazi, na maji yametoka mahali arobaini na moja. Chukua sepetu, Bwana Gitau, lori liko nje. Nenda Tarach ukachimbe hapo kando, hatua ishirini kutoka kwa shangazi yangu. Ukipata maji nitaomba radhi mbele ya hawa wote.” Sauti yake ilianza kupasuka, akaiacha ipasuke. “Mlileta jicho la kutafuta maji chini ya mchanga. Maji yalikuwa chini ya mchanga. Mwanamke mzee asiyejua kusoma aliyaona kwa fimbo. Jicho lenu halikuona, na badala ya kusema halikuona, mkasema sisi hatupo.”

Mjumbe alimwuliza Khuloud kitu kwa Kiarabu. Khuloud alimjibu kwa Kiingereza, ili kila mtu asikie. Alisema setilaiti ilipaswa kutambua visima sitini na vitatu na ilitambua ishirini na kimoja. Theluthi moja. Alisema namba iliyochapishwa si ya kweli, kwamba vipimo vya Asekon vinarudishwa vyote leo, na kampuni ya mabomba itaandikiwa barua leo kwamba ramani waliyopewa ni batili. Alisema pia kwamba setilaiti ya tatu haiko tayari kuitwa mtafuta maji. Mikono yake ilikuwa imeikamata meza. Mjumbe aliinuka, akapanga kanzu yake, akatoka bila kumwangalia.

Gitau alimwambia Asekon kwenye korido kwamba mkataba wake umekwisha, na arudishe kifaa. Akakirudisha. Khuloud alimkuta nje, chini ya ukuta wenye kivuli, akaegemea kando yake. Kisha Khuloud akasema huenda huko kwao wasimrudishie bisibisi ya kuundia setilaiti. Asekon alimshika mkono. Lakini hakumwambia pole, kwani pole yake yote ilikuwa imeenda kwingine.

Jumatatu waliokuja kiwikoni hawakuja na waya. Walikuja kung'oa nguzo, na walipong'oa waliacha vipande vya zege vimetapakaa. Akidor alikuwa anawanywesha mbuzi. Asekon alikuwa ndani ya kisima, maji magotini, akimpandishia karai, na kutoka chini aliona uso wa shangazi yake na anga tu.

“Ramani ilikuwa ya laga yetu peke yake?” Akidor aliuliza.

Asekon alisema hapana. Karatasi zilikuwa sita. Hizo nyingine zilipimwa na watu wa Kenya, ambao walifika Mei ileile, wakaona mchanga, wakaandika kwa uaminifu kwamba ni mchanga.

“Watu wa Kalobeyei na laga yao wako karatasi nyingine.”

“Nyingine.”

“Na wao hawajui.”

“Hawajui.”

Akidor alimwaga maji horini, akamfukuza beberu aliyejipenyeza nje ya zamu. Alimtukana yule beberu na mama yake, kisha akawatukana watu wote wenye ramani, kila mmoja kwa nafasi yake, bila haraka. Alipomaliza alirudisha karai chini.

“Yuko mzee mmoja Kalobeyei, Natapar, anajua visima vyao vyote. Mguu wake mbovu. Itabidi apandishwe punda.” Alingoja Asekon ajaze. “Sasa hivi vimelala. Wakianza kusimamisha nguzo kule, nani atawaambia?”

Asekon alipandisha karai, akapanguza mikono kwenye ukuta wa mchanga, akaanza kupanda kutoka kisimani.

“Punda wa Lokwang yuko wapi?” aliuliza.